Picha Alizozitupa Binti Yako

Idara ya Fizikia,
Ukumbi wa chini, benchi la mlangoni.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi huku wazima wa mwili.

Nakuandikia kuhusu binti yako. Aliniomba nisikwambie. Barua itakufikia baada ya wiki mbili, kwa hiyo ahadi nimeivunja polepole.

Unajua kazi yake. Wanapoza atomi hadi zinakaribia kutulia kabisa, wanazipanga ndani ya mawimbi ya mwanga kama mayai kwenye trei. Mwanga unabadilishwa kwa mzunguko, na kila mzunguko ukiisha, atomi zimesogea hatua moja kamili, hata mwanga ukiyumba kidogo. Wanaiita pampu. Swali lake lilikuwa: atomi zikianza kusukumana zenyewe, hatua itabaki kamili? Alijibu ndiyo. Jibu hilo ndilo shahada yake ya udaktari, na Ijumaa anasimama mbele ya watahini.

Juzi alinipigia simu, nikaenda. Nilimkuta sakafuni maabarani, kati ya meza ya vioo na mapipa ya gesi, kompyuta mapajani.

Kosa lake ni hili. Wakitaka kupiga picha wanawasha taa kali. Atomi mbili zikiwa ndani ya shimo moja la trei hiyo ya mwanga, taa huzifukuza zote mbili, na picha huonyesha shimo tupu. Yeye kila picha iliyopungukiwa na atomi aliitupa, akidhani zimevuja tu. Kumbe kwenye nyingi kati ya hizo atomi zilikuwa zimerundikana, pampu imekosea hatua. Katika picha mia nane alitupa mia tatu na kumi, akabaki na nzuri tupu.

"Mjomba, hakuna mwingine anayejua."

"Wewe unajua."

"Ndiyo balaa lenyewe! Nikisema, miaka mitano imekwenda na maji. Nikinyamaza, nitaitwa daktari, na kila anayeniita hivyo nitamwogopa."

Sikumpa ushauri. Nimeripoti mafuriko na kesi za mauaji, Dada, na sijawahi kuona mtu akikusanya ushahidi dhidi yake mwenyewe vile, picha moja moja.

Leo saa tatu asubuhi ameingia kwa profesa anayemsimamia, akiwa na picha zote, zilizotupwa na zilizobaki. Sasa ni saa sita kasoro. Mwanzoni nilisikia sauti mbili, kisha moja, na haikuwa ya binti yako. Sasa sisikii kitu. Nimesoma tangazo la usalama ukutani mara nne.

Nisalimie shemeji, shangazi mkubwa, na wale mapacha watundu. Mungu awalinde, na huyu wa huku amtangulie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Mwandishi.

Kabla sijafunga bahasha mlango umefunguka. Ametoka profesa peke yake, miwani mkononi, anauliza nani amekuja na binti. Nyuma yake namwona binti yako ameinama mezani, anazihesabu upya picha zote mia nane. Nimesimama.