Bado ya Fundi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile bega lako halikusumbui sana siku hizi za baridi. Mimi huku ni mzima. Najua neno hilo utalisoma mara mbili na kuguna, kwa hiyo nalirudia: ni mzima, nakula, nalala, na kile kidonda cha nyonga kilichotutia hofu mwaka jana kimefunga kabisa. Imebaki alama ndogo tu, ukubwa wa kifungo cha koti.

Barua yako nimeipata, na zile video tano nimezipata kwenye simu. Ningeweza kukupigia, lakini wewe ukianza kulia mimi hukubali kila kitu, na safari hii sitaki kukubali kila kitu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Tafadhali kaa chini uisome mpaka mwisho, usiruke mistari.

Kwanza, asante. Sidhani kama nimewahi kukuambia sawasawa. Nilipoanguka kutoka juu ya paa la kibanda nikiziba tundu, wewe uliacha nyumba yako miezi saba ukawa unalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu cha hospitali. Kila baada ya saa mbili ulinigeuza, ubavu huu, ubavu ule, maana wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima. Bega lako likaumia hapo, nawe ukasema umelilalia vibaya. Mimi niko hai kwa sababu ya mikono yako, na hilo silisemi kwa kupamba barua.

Hata zile video zako za mwanzo nazishukuru. Nilikuwa nimegeukia ukutani, sitaki kumwona mtu. Ukanionyesha yule mama aliyevunjika mgongo akiwa amekaa mezani anakunywa chai, anamfokea mumewe kwa kusahau sukari. Nilicheka, dada, kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Nikajua kumbe mbele kuna maisha, na kuna kufokeana.

Lakini siku zilivyokwenda, watu wa kwenye video wakaacha kunywa chai, wakawa wanasimama tu. Mtu anasimama, muziki unapanda, maandishi yanapita chini kwamba alikataa kukata tamaa. Nami natazama miguu yangu, najiuliza mimi nilikubali lini. Nikawa nakuonea haya. Nilidhani kila asubuhi ninayoamka bila kusimama, wewe huko unahesabu uvivu wangu.

Sasa nikuambie kidonda kile kilitoka wapi, maana nilikudanganya kwamba kimetokana na kiti cha magurudumu. Ulinitumia yule kijana aliyejifunga kwenye ubao mpaka miguu ikakubali. Nikamwomba mpangaji wa chumba cha pili anifunge kwa mikanda kwenye fremu ya mlango, saa nzima kila siku, wiki mbili. Ubao ulinikwangua nyonga nami sihisi kitu, nafurahi tu kwamba nimesimama. Mama wa mazoezi, yule anayetunyoosha viungo hospitalini, alipokiona kidonda alinigombeza mpaka sauti ikamkauka. Nililala kifudifudi miezi miwili. Sikulaumu hata kidogo, dada, mikanda niliomba mwenyewe. Nakuambia ili ujue tu kwamba zile hadithi hazipiti hivihivi zinapofika kwangu.

Na katika hizi tano za juzi, moja umeiandikia kwamba nimtazame huyu bwana, mgongo ulivunjika kama wangu, nione nia inavyofanya kazi. Nilipoifungua nilicheka mpaka nikakohoa. Huyo ni Dereva, wa malori, aliyeletwa kwenye chumba cha mazoezi wewe ukiwa umesharudi kwako. Iangalie tena. Akifika usawa wa dirisha, isimamishe, utazame kona ya chini kushoto. Utaona gurudumu lenye uzi mwekundu kwenye waya zake. Gurudumu hilo ni langu, na makofi unayoyasikia kwa nguvu kuliko mengine ni yangu.

Nilikuwepo. Alipiga hatua nane, na watu milioni wameziona. Ya tisa aliangukia kwenye mikono ya mama wa mazoezi, lakini simu ilikuwa imeshazimwa. Mimi na Dereva tulianza wiki moja, tukashika vyuma vilevile, tukatoka jasho lilelile. Tena Jumamosi alikuwa akitoroka, mvivu yule, mimi sikukosa hata moja. Mama wa mazoezi alituchorea kwenye karatasi tukaelewa wote wawili: uti wake ulibanwa, wangu ulikatika. Hakunizidi moyo. Alinizidi bahati, basi.

Na usidhani ile video imempa raha. Dereva analalamika kwamba watu wakimkuta njiani wanamtaka atembee waone, na akikaa kupumzika wanamwambia asikate tamaa. Magongo yake anayaficha nyuma ya mlango kama mtu aliyeyaiba. Aliniambia kwamba wanamsifu kwa kitu kilichomtokea kana kwamba alikifanya yeye, na kwamba ingekuwa ni ujasiri, Uzi angekuwa anacheza mpira. Hilo la Uzi nililitoa mwenyewe, nilimsimulia kwamba ndivyo ulivyoniita utotoni kwa wembamba wangu, na sasa mtaa mzima unaniita hivyo.

Ni yeye pia aliyenishika nikisema uongo. Siku ile uliponipigia ukaniuliza kama miguu imeanza, nami nikakujibu bado kidogo, alikuwa amekaa pembeni yangu. Simu ilipokatika akaniuliza kama ile ilikuwa bado ya mgonjwa au bado ya fundi. Unatujua mafundi cherehani sisi. Mteja akija kuulizia nguo tukamwambia bado kidogo, maana yake kitambaa hakijakatwa, pengine hata hatukumbuki tumekiweka wapi. Miaka mitatu nilikuwa nakupa bado ya fundi, na wewe miaka mitatu ulikuwa unakuja kuulizia nguo yako.

Kwa hiyo leo nakupa jibu jingine. Sitembei. Sisemi sijatembea. Nasema sitembei. Nililisema neno hilo kwa sauti mbele ya Dereva, nikidhani nitalia, na badala yake nikasikia njaa, nikala sahani mbili. Siku dawa ikipatikana nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, tena nitakuja na kiti changu cha kukalia. Lakini kile kituo ulichonitafutia nafasi ya miezi sita, ambacho wanataka jibu kabla ya mwezi kuisha, sitakwenda. Najua umehangaika kukipata, na najua umeshaongea nao. Nisamehe, dada. Sijakata tamaa. Nina kazi nyingi tu.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, nami nimelizunguka kurasa tatu kwa woga.

Ile cherehani. Siku uliyoondoka uliifunika kwa shuka lako la maua, ukaniapisha kwamba hakuna mtu atakayeigusa mpaka nitakapokuja kuikanyaga kwa miguu yangu mwenyewe. Kila ulipouliza nilikuambia ipo palepale, chini ya shuka. Ni uongo. Ina miezi minane sasa tangu Dereva na fundi vyuma waing'oe pedali, wakaifungia mkono wa kuzungushia kutoka kwenye mashine kuukuu. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Mwezi wa kwanza mshono ulikuwa unayumba kama mlevi anayerudi kwake. Sasa umenyooka. Kila nikimaliza mshono mmoja najiinua kwa mikono kutoka kwenye kiti, nisipate kidonda tena, na wateja wameshazoea kuniona nikipanda na kushuka. Shuka lako ndilo pazia la dirisha, maua yake yanapendeza jua likipiga.

Nimeshona sare za darasa zima. Zilichelewa, na mwalimu akaja kunifokea mlangoni hadi majirani wakatoka. Dada, hakuna raha kama kufokewa na mteja aliyesahau kukuonea huruma.

Na lile gauni lako la bluu lenye marinda. Nilikuambia limeshonwa na fundi wa jirani. Katika barua yako umeandika kwamba ni gauni la kwanza kukukaa vizuri begani kwa miaka mitatu, kwamba halivutani wala halikunjamani, na umeniagiza nimuulize huyo fundi alijuaje, maana vipimo ulivyotuma havikutaja bega.

Nimemuuliza. Anasema bega lako la kushoto limeshuka nusu inchi, naye analijua, kwa sababu lilishuka kwa ajili yake.

Usilie sana. Ukimaliza, uje. Hutanikuta nimesimama mlangoni. Utanikuta nimekaa mezani, futi shingoni, pini mdomoni, nami nitakuamkia hivyohivyo. Na video usiache kunitumia, ila nitafutie za wanaokunywa chai. Yule mama wa sukari yuko wapi siku hizi?

Nisalimie shemeji, wape watoto busu kila mmoja kwa zamu wasigombane. Mama wa mazoezi anakusalimu. Dereva naye anakusalimu, anasema ukija atakutembelea hatua nane, ya tisa umdake mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Uzi

Nimesahau: lile gauni la pili uliloagiza, bado kidogo. Hii si bado ya fundi. Kitambaa nimeshakikata, kiko hapa mezani.