Wimbo wa Kihindi Uliotungwa Tunduma

Tata, baba yangu,

Nimejaribu tena wiki hii nimeshindwa. Ule wimbo wa Mama nakumbuka mistari miwili tu, wa tatu hauji ng'o. Ningekuuliza wewe, lakini wewe tumekuzika Ndalambo, na hakuna mwingine aliyekuwa nao wote kichwani. Ndiyo maana naandika, ingawa najua fika hutanijibu.

Unalikumbuka banda letu la video? Mabati matupu, mabenchi ya mbao, jenereta linanguruma nyuma. Malori yakikwama mpakani siku mbili tatu, madereva wote walikuwa wateja wako, na wachuuzi, na akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waliovuka kuuza dagaa. Filamu za Kihindi ulitutafsiria wewe. Watafsiri wa mabanda mengine walichangamka ngumi zikianza, na wimbo ukiingia waliwaambia watu watoke wakajisaidie. Kwako ilikuwa marufuku. Ulipunguza sauti ya televisheni, ukashika maikrofoni, ukasema, "Hakuna kutoka. Haya maneno mwenye filamu kayaandika mwenyewe."

Mwenye filamu! Jamani, ulivyompenda yule mzee wa Kihindi. Ulimjua kwenye magazeti ya zamani uliyookota ulipokuwa mkata tiketi kwenye sinema ya Mbeya, ukayasoma na kamusi mkononi. Kabla ya kila filamu yake ulitusimulia upya, na hakuna aliyechoka. Mtoto wa tarishi. Aliwatungia nyimbo waongozaji wengine miaka mingi na jina lake hawakuliandika, mpaka akachukia akaamua kuongoza filamu zake mwenyewe. Akapata sifa, akapata nyumba. Halafu ile filamu ya mwisho, aliyoihangaikia miaka saba, watu wakaikataa ndani ya wiki moja. Akajifungia, hakuandika tena hata mstari mmoja. Hapo ulikuwa unawasha mashine, unasema, "Haya, tumtazame."

Wimbo wa filamu hiyo ya mwisho ndio uliokuwa wa Mama. Kijana amesimama stesheni, anaimba, na wewe unasema taratibu pembeni:

Ukifika kule waambie sikuchelewa,
njia ndiyo ilikuwa ndefu, miguu ni ileile.

Uliendelea mpaka mwisho, beti nne nzima. Akina mama wa Nakonde walilia "Mayo! Mayo we!", yaani mama wee kwa lugha yao, na Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge kama hajausikia jana yake. Aliniambia siku moja tunapepeta mahindi, "Nikifa, baba yako aniimbie huo. Kwaya waje tu, lakini huo kwanza."

Sasa niseme langu. Nilikuwa kidato cha pili, kiherehere kimenijaa, najiona nimesoma kuliko Tunduma nzima. Jumamosi ile mchana, mama mmoja wa Kihindi wa upande wa Zambia gari lao lilizuiwa forodhani, akaja kununua soda kwangu mlangoni. Nikamwomba asikilize unavyotafsiri ule wimbo wa stesheni, nilitaka nijivunie baba yangu, hilo amini. Akasikiliza kidogo, akacheka. "Mbona anasema mambo mengine kabisa? Kijana anasifia hereni za mchumba wake."

Tata, ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili angempa soda yake yakaisha. Mimi nikaingia ndani, banda limejaa, nikasema kwa sauti, "Tata hajui Kihindi! Anatudanganya, muulizeni huyu mama hapa nje!"

Waliangua kicheko. Dereva mmoja akapiga mluzi. Wewe uliweka maikrofoni juu ya televisheni. "Basi, tazameni wenyewe." Wakatazama dakika chache, wakaanza kutoka mmojammoja. Hukuishika tena maikrofoni ile. Wiki moja mbele uliuza mashine, ukamchukua Mama mkaenda Ndalambo kulima ufuta, na yule mzee wa Kihindi hukumtaja tena katika maisha yako. Nilijiambia umechoka mji tu. Niliamini hivyo kwa sababu ilinifaa.

Mama alipofariki nilikuja na wenzake wa Nakonde, wazee sasa, wamepanda gari la mizigo kwa ajili yake. Jeneza limeshatolewa uani, mchungaji anasubiri, wao wakaniambia, "Mwambie baba aseme ule wa stesheni, mwenzetu alituusia sote." Nikaja ulipokaa mkekani, nikapiga magoti. Nikasema, "Tata, nisamehe. Sema yale maneno ya Mama, tafadhali, siyo kwa ajili yangu."

Uliniangalia kwa upole, bila hasira yoyote, na hapo ndipo ninapokufa kila nikikumbuka. Ukasema, "Mwanangu, mimi Kihindi sijui."

Kwaya ikaimba yake. Tukamzika Mama hivyohivyo. Na wewe ukamfuata mvua zilizofuata.

Mjukuu wako ameupata wimbo wenyewe kwenye simu, na maneno yake yameandikwa chini kwa Kiingereza. Ni hereni kweli, Tata. Hereni, na nywele, na hereni tena. Habari za maisha ya yule mzee nazo ziko humo, na zote ulizisema sawasawa, hukuongeza kitu. Ulichoongeza ni nyimbo. Ulikuwa unatazama uso wa yule kijana na maneno yanakuja, na mimi nikakuita mwongo mbele ya watu waliokuwa wanalia kwa maneno yako. Wewe ndiye uliyeyatunga, na hakuna aliyeyaandika, na niliyekuwa na kalamu na daftari kila siku ni mimi.

Mama mmoja wa wale wa Nakonde amebaki, anaumwa. Amenitumia ujumbe jana: nimpelekee ule wimbo wote, wausome siku yake ikifika. Nimemwandikia mistari miwili, nikaacha nafasi chini yake, na karatasi iko hapa mezani.

Lala, Tata. Mimi silali.

Binti yako aliyekunyamazisha