Redio Iliyokuja na Gari

Mama mkwe wangu mpendwa,

Gari tumeliuza. Aliyelinunua ni mwalimu mmoja kijana, alikuja kulichukua hapa nyumbani Chanji wiki iliyopita. Alilizunguka, akapiga mateke matairi, akafungua boneti kama mtu anayejua. Mwisho akawasha redio, akashtuka mpaka akarudi nyuma.

"Dada, hii si ndiyo redio iliyokuja nalo? Mbona inapiga hivi?"

Nikamwonyesha amplifaya chini ya kiti cha abiria. Kwangu hicho kitaendelea kuwa kiti chako. Akauliza nani alitufungia, nikamwambia ni fundi Nolasco. Jioni, nilipoona pale uani lilipokuwa likiegeshwa pako patupu, nikatamani kuzungumza na wewe. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mama, unakumbuka nilivyoingia kwako? Deus mwanao alinitoa kwetu Kaoze, binti wa Kisukuma, wa watu waliokuja na ng'ombe wao kutoka mbali. Ninyi Wafipa ni watu wa ulezi na mahindi, watu wa kanisani toka mababu. Nilikuja nimejiandaa kuheshimu. Kila asubuhi nilikukuta jikoni unapanga kuni, nikasimama nyuma yako, nikapiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, mama." Ukaendelea na kuni zako.

Siku ya kwanza nilidhani una mawazo. Baada ya mwezi nilijua hunitaki. Jirani alinimalizia kabisa. "Ulitegemea nini? Yule alitaka mkwe Mfipa." Nilimwuliza Deus, akacheka tu. "Mama hana maneno mengi. Toka zamani." Kwake ilikuwa rahisi, maana kazi zake za ujenzi ziko Mpanda, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Tuliobaki kwenye ukimya ule ni mimi na wewe. Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha nilimwambia tutafute chumba cha kupanga. Naye akakubali, ila akaomba tungoje mavuno yapite.

Ni katika kungoja huko ndipo ikatokea ile Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya shamba. Mimi naendesha, wewe kiti cha kushoto na kapu lako magotini, tunakwenda Mollo bila neno, redio inatusaidia. Siku hiyo niliweka CD ya kwaya yenu ya parokia, ile mliyorekodi wewe ukiimba sauti ya pili. Nilidhani itakufurahisha. Tulipopita nyumba za mwisho za mji, ukanigeukia.

"Minza, leo huwashi redio?"

Nikakutazama. Redio ilikuwa inaimba. Mlikuwa mnaimba ninyi wenyewe, na wewe humo ndani.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Spika zikaanza kukoroma, maneno yakawa makelele matupu. Ukakunja uso. "Zima. Redio yenu hii ya Kijapani haina nguvu. Inapiga kelele, haisemi."

Nilizima. Nikaendesha mpaka shambani, na njiani nikaelewa. Zile asubuhi zote jikoni, mimi nyuma yako, hukuwahi kunisikia.

Sasa niseme nini? Mkwe hamwambii mama mkwe wake kwamba masikio yake yamekwisha. Na mkwe mwenyewe mimi, ambaye nilikuwa nimeshafungasha moyoni! Kesho yake nilikuja mbele yako, nikakutazama usoni, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, mama." Ukainua uso. "Marahaba, mwanangu." Ukarudi kwenye kuni kana kwamba ni jambo la kila siku. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalia.

Jambo la masikio sikuweza kulitamka, lakini la redio niliweza. Nikakuambia umesema kweli, redio ni dhaifu, tuipeleke kwa fundi. Ukafurahi kuona kuna mtu amekubaliana nawe.

Dukani mjini walitaka kutuuzia redio mpya yenye kioo kikubwa, na bei yake ilikuwa ya kuuza mahindi yote ya ghalani. Fundi Nolasco alipoisikiliza ile yetu, akasema iacheni ilipo. Redio ni nzima, akasema, ila haina nguvu ya kusukuma spika, ukiilazimisha ndipo inakoroma. Iongezewe amplifaya pembeni. Alikuwa nayo moja iliyotoka kwenye teksi iliyogongwa, ya aina ya kupokea sauti kwenye waya za spika zenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha kitu mbele. Spika alituachia zilezile, akazikaza tu, na ndani ya milango akabandika vipande vya tyubu ya baiskeli ili mabati yasitetemeke.

Uligoma kurudi nyumbani. Ulikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, kanga mabegani, unaangalia kila waya. Alipovuta waya mnene kutoka kwenye betri ukataka kujua unakwenda wapi, na alipokuonyesha chini ya kiti chako ukasimama.

"Mimi nikalie umeme?"

"Hapana, mama," Nolasco akakupigia kelele kwa heshima zote. "Nimeweka fyuzi hapa karibu na betri. Waya ukiguswa vibaya, fyuzi inakatika, wewe unabaki salama."

"Basi kaa wewe kwanza."

Akakaa. Akanesanesa kwenye kiti ili uamini. Mama, ile ndiyo mara ya kwanza nakuona unacheka.

Alipowasha injini ukatokea mlio kama wa mbu, ukipanda na kushuka kila anapokanyaga mafuta. Nolasco alihangaika nao sana. Alidhani ni waya za spika zimepita karibu na ule wa betri, akazihamishia upande mwingine, mlio ukabaki. Alikuwa karibu kukata tamaa, akafungua ule waya wa ethi, wa kurudisha umeme, alioufunga kwenye bodi ya gari, akakuta ameukaza juu ya rangi. Akaichubua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akaufunga tena. Mbu akanyamaza. Kisha akaongeza sauti ya redio mpaka karibu na kukoroma, akairudisha kidogo, ndipo akaanza kufungua amplifaya polepole. Akasema tukiona inatosha tusiiguse tena.

Tukaweka kwaya yenu. Watu wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Muuza chapati alianza kuimba nao. Wewe ulikuwa ndani, mlango umefungwa, umeweka kiganja kwenye spika. Niliketi kwenye usukani nikikungoja. Niliomba Mungu, kweli niliomba.

"Mdundo naupata," ukasema. "Maneno je? Yanatoka?"

"Yanatoka, mama."

"Nolasco anayasikia?"

Nolasco alikuwa amesimama nje anaitikia kwaya kwa kichwa. "Anayasikia."

"Na yule wa chapati?"

"Na yeye pia, mama."

Ukauondoa mkono kwenye mlango, ukauweka kwenye kapu lako. Kwaya ikaimba mpaka mwisho wa wimbo.

"Basi redio imepona," ukasema. "Mgonjwa ni mimi."

Hukulia. Ulishusha kioo ukamshukuru Nolasco, ukamwambia kazi yake ni nzuri. Nami nikakushika mkono, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu, na hukuutoa.

Baada ya mavuno Deus hakutafuta tena chumba. Tulikwenda hospitali hapa Sumbawanga, wakatuelekeza Mbeya, na Mbeya wakakupa kifaa cha sikio. Ile safari ya kurudi ndiyo naifikiria zaidi kuliko yote. Tumetoka mjini tu, nataka kulipita lori, ukaniuliza, "Nini hicho kinagonga?" Nikasema hakuna kinachogonga. Ukasisitiza. Kumbe ni indiketa. Ulicheka, ukaniambia niiwashe tena, na tena, mpaka dereva wa nyuma yetu akatupigia honi. Honi nayo ukaisikia.

Tulipokaribia mji wa Laela ukanigeukia.

"Minza, hivi hata ile miaka ya mwanzo ulikuwa unanisalimia asubuhi?"

"Kila asubuhi, mama. Toka siku nimekuja."

Ukageuka kuangalia mashamba nje. Tulipoipita Laela ndipo uliposema, "Mimi nilidhani wewe ndiye ulikuwa hunisalimii. Nilikuwa najiambia, labda watu wa ng'ombe hawana shikamoo."

Nilisimamisha gari pembeni, maana nilishindwa kuona barabara kwa kicheko. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Halafu ukajifuta macho kwa kanga, ukaniambia, "Nipigie mama yako simu. Nataka nisikie mnavyoongea kwenu." Nikampigia mama yangu kule Kaoze, nikaweka sauti kubwa, tukaongea Kisukuma pale kando ya barabara, habari za ng'ombe na za mvua. Hukuelewa hata neno moja. Ulisikiliza mpaka tukaagana, ukasema, "Kumbe unaongea sana hivyo! Na mimi uwe unaniambia."

Nikawa nakuambia. Tuliongea miaka iliyobaki yote, shambani, jikoni, kwenye gari, mpaka kifua kilipokulaza kipindi kile cha baridi kali, na hata hapo bado ulitaka kusimuliwa nani kapita dukani kwangu na kanunua nini.

Sasa mama, nyumba imerudia ukimya, ila ni ukimya mwingine, hauniumizi kama ule wa kwanza. Umeniachia mazoea mdomoni. Siongei tena na mtu akiwa amenipa mgongo. Nazunguka, nasimama mbele yake, namtazama usoni, nalitamka neno mpaka mwisho wake. Dukani wateja wapya wanadhani nina hasira. Deus ananiambia, "Minza, tunakusikia, punguza." Jana nilimsalimia bibi mmoja mgeni sokoni namna hiyohiyo. Alinishika kidevu, akaniuliza, "Wewe nani alikulea?"

Nikamtajia jina lako.

Pumzika hapo shambani Mollo, mama. Palizi tunaianza Jumamosi.

Mkweo anayekupenda,
Minza