Mzee Osward Bado Anaandika

Mama Edna wa redioni, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na barua hii naiandika kwa kalamu na karatasi kwa sababu simu yangu sasa naiogopa.

Naitwa Restuta wa Lipangalala, jina litaje tu, nimechoka kujificha. Ni mtaalamu wa mifugo, nazungukia wafugaji kwa pikipiki mpaka Idete, na kazi nilifundishwa na Mzee Osward, aliyefariki mwaka jana wakati wa masika. Mzee aliacha madaftari kumi na moja, kila mnyama ukurasa wake, macho, fizi, tezi za chini ya sikio, kwato, hakuna mstari mtupu, na mwisho wa kila ukurasa maneno yale yale, "Nimemwacha amesimama."

Mimi kuandika kulinishinda, mama, narudi nyumbani nimechoka na ripoti zinanisubiri, basi nikaweka kwenye simu programu ya akili mnemba, unaisimulia ulichokiona nayo inakuandikia ripoti na kumtumia mwenye mnyama, ila iliandika kikavu na wafugaji wakawa hawanisikilizi, wananiona binti tu, ndipo nikaingia kwenye setingi, pale unapoieleza unapenda iandike vipi, nikaipa picha za madaftari yote ya mzee nikaiambia, andika kama huyu, na usiache sehemu yoyote wazi. Toka siku hiyo wakaanza kunitii, dawa wanatoa kwa saa, kuogesha wanaogesha, nikafurahi, miezi minane nimefurahi.

Halafu ikaanza kuandika nisiyosema. Niliisimulia homa ya ndama mmoja tu, yenyewe ikaandika tezi ya kulia imevimba kuliko ya kushoto, na mimi sikuwa nimegusa tezi, nikarudi kumshika yule ndama, kweli, ya kulia. Imetokea mara tatu. Siku nyingine, kwa Baba Masalu kule Idete, iliandika "Mbwa hakubweka," nami sikuwa nimemtaja mbwa, nikakumbuka kwamba yule mbwa, ambaye kila siku hunikimbiza mpaka kwenye pikipiki, siku hiyo alikaa kimya kabisa, akitazama pembeni yangu, kwenye nafasi tupu.

Sasa Jumatatu nilipita tena kwa Baba Masalu. Ana ng'ombe jike mwekundu mwenye paji jeupe, mimba ya miezi saba, maziwa yake ndiyo yaliyowalea wajukuu wote wa pale. Nilikuwa na haraka, sikuingia zizini, nilimtazama kwa juu ya boma akiwa amelala chini anacheua, nikaiambia simu anacheua, hana shida, nikaondoka. Kabla sijafika barabarani ripoti ilikuwa imeshamfikia Baba Masalu, nami nilipoifungua nikasoma: "Tezi zimevimba pande zote. Hatafika Jumamosi. Nimemwacha amesimama."

Nikampigia. Akaniambia, "Dokta, wewe ni mwanangu, lakini maneno haya siyo yako. Huyu ni mzee mwenyewe, namfahamu. Mzee akisema hatafika, hafiki. Ijumaa nachinja, nyama isiharibike."

Nikimwambia ni mashine, wafugaji wote watajua kwamba miezi minane hawakuwa wananisikiliza mimi. Nikinyamaza, anachinja mama na ndama tumboni. Na je, kama mzee anaona kweli? Kurudi kule naogopa, tangu Jumatatu sijakanyaga Idete. Nisaidie, mama. Yule ng'ombe sina la kumwandikia zaidi. Nimemwacha amesimama.

Restuta, Lipangalala

MAMA EDNA ANAJIBU

Restuta mwanangu, marahaba. Barua yako imefika leo Jumatano asubuhi, nimeomba isomwe leo hii hii. Pole sana. Kumpoteza aliyekufundisha kazi kunauma, na kusikia sauti yake kwenye simu kila siku si jambo dogo. Hapo nimekuonea huruma, na huruma imeishia hapo.

Wewe ndiye uliyeikataza mashine kuacha nafasi. Ukiinyima cha kuandika, itaokota kwenye madaftari ya marehemu. Bonde hili lina kupe, ng'ombe akiwa na homa tezi huvimba, anayebahatisha atapatia mara nyingi. Umehesabu mara tatu ilizopatia. Wale ambao hukurudi kuwashika, umehesabu? Hilo la mbwa sitalieleza, maana silijui, na mimi nisichokijua nasema sikijui. Wewe sema hivyo hivyo.

Baba Masalu, kama redio imewashwa hapo Idete, shikamoo. Kisu weka chini mpaka binti afike. Mzee Osward hakumwona ng'ombe huyo. Hakuna aliyemwona.

Restuta, washa pikipiki sasa. Ingia zizini, pima homa, shika tezi zote mbili kwa mikono yako, na Baba Masalu awe anakutazama. Zikiwa zimevimba, tibu. Zikiwa hazijavimba, mwambie kwa mdomo wako kwamba ripoti ilidanganya na wewe ndiye uliyeiacha idanganye. Atakasirika, mvumilie. Kisha rudi kwenye setingi, ifute ile amri, uiambie: nisichosema kisiandikwe, na ripoti isiende kwa mtu kabla sijaisoma. Halafu wapitie wafugaji wa miezi minane, mmoja mmoja. Mtiririko wa mzee baki nao, ni mzuri, macho mpaka kwato, lakini uufuate kwa vidole.

Na jambo la mwisho, ambalo limenifanya niisome barua yako mara tatu. Unasema simu unaiogopa, hii umeiandika kwa mkono. Mwandiko naukubali ni wa mkono. Lakini ng'ombe ulimkuta amelala chini, hukuingia zizini, na hujarudi. Kisha unamaliza kwa kuniandikia umemwacha amesimama. Hiyo haikuandikwa na simu, mwanangu. Nenda kamshike huyo ng'ombe, ukirudi uniandikie tena, hata mistari miwili, nijue kama ni wewe.