Mguu wa Kulia wa Baba Valerie

Jumapili, 2 Machi 2025
Baada ya kanisa tumetoka Kawangware 46 kwa miguu hadi mtaa wa Raila, kwa wifi yangu Nelima. Mimi na Baba Valerie tu. Njiani akasimama kuangalia miche ya maua. Tukaenda kidogo—akasimama tena, kuangalia fundi akipiga kitanda msasa. Ati, "Mama Valerie, ona mbao inavyong'aa." Boaz mume wangu! Mtu wa kuchomelea mageti, leo anasifu maua! Ngong Road yote ilinukia udongo uliomwagiwa maji. Nimetembea kama niko usingizini. Labda hivi ndivyo watu huzeeka vizuri. Polepole.

Jumapili, 9 Machi
Tumeenda tena. Nilimwomba mwenyewe! Akasimama kwenye miche. Kwenye vitanda. Kwenye ukuta mtupu.
Ukuta mtupu—hapo nikashtuka. Nikamwangalia usoni. Jasho. Mkono umebana shavu la mguu. Nikamuuliza. Akasema mguu wa kulia unamkaza akitembea, akisimama unaachilia. Tangu Krismasi!
"Mbona hukuniambia?"
"Nilikuona unafurahia."
Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote. Tukangoja mguu uachilie, tukaenda.

Jumatano, 12 Machi
Nimempeleka Boaz kliniki yake ya sukari. Daktari Syombua, msichana mpole, sauti ya chini. Boaz akamwambia mwaka jana cholesterol yake ilipimwa ikawa sawa. Daktari akasema inaweza kuonekana sawa. Kile kipimo kinapima mafuta, hakihesabu chembe zinazoyabeba kwenye damu. Mtu wa sukari mara nyingi chembe zake huwa ndogo, na nyingi. Zinapenya ukuta wa mshipa, zinanasa humo, ukuta unavimba, njia ya damu inakuwa nyembamba. Mwanzo huwa husikii kitu. Akamwandikia dawa, na akasema mguu upimwe Jumatatu.
Alasiri nikasinzia kwenye cherehani. Nikaota vumbi kwenye mwale unaopita tundu la bati. Linaelea, linameta—zuri ajabu! Linatua ukutani. Napangusa na leso. Halitoki. Napangusa, na bado naliona zuri.

Alhamisi, 13 Machi
Dawa ya sukari amemeza. Hii mpya, hataki. Ati cholesterol ni ya watu wanono. "Mimi mwembamba hivi?" Nimemwekea chai.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwosha miguu kwa beseni. Alikataa, kisha akaniachia. Kati ya vidole vya kulia kuna kidonda—cheche ya welding, anasema, ni kitambo. Hakikauki. Na mguu wenyewe baridi! Ule mwingine una joto kama mkate.
Nikampigia Nelima. Akaomba kuongea na kakake. Sijui kila alichomwambia, nilisikia tu akitaja mguu wa baba yao, ule uliokatwa. Boaz akakata simu. Akakaa sana akiangalia maji ya beseni. Kisha akanyoosha mkono, akataka ile dawa mpya.

Jumatatu, 17 Machi
Tuko kliniki, chumba cha kupimia. Boaz amelala kitandani, nimepewa stuli. Naandika huku anapimwa. Nesi ana kifaa kidogo cha kusikiliza damu miguuni. Ameanza na wa kushoto. Shwaa, shwaa—kama upepo kwenye mahindi ya kwetu Bungoma! Nimefumba macho nikawa huko, nikiwa msichana, majani yananigusa mikono.
Sasa wa kulia. Kimya.
Amesogeza kifaa. Kimya. Ameongeza ile jeli, amesogeza tena.
Boaz ameshika mkono wangu. Mbele ya watu! Miaka yote hii hajawahi. Hataki kuachilia, daftari linateleza mapajani.
"Damu haiko?" ameuliza.
Nesi amesema tunyamaze. Anainamisha kichwa. Kuna kitu—kidogo, mbali sana—au ni mvua imeanza kwenye bati. Nesi ameinua kidole, ati tungoje—