Mkeka Uliopinda Mstari

Mjukuu wangu Upendo,

Salamu zako zimefika hapa Nyololo. Sisi tu wazima. Babu yako kikohozi kimempungua, juzi alitembea mwenyewe hadi kanisani.

Umeniuliza nakshi za mikeka yangu nazitoa wapi, maana huko chuoni mmeambiwa mchore nakshi na karatasi yako imebaki nyeupe. Ngoja nikupe habari ya mama yangu.

Miaka ile ya hamsini, nikiwa msichana, mama aliugua akawa hatoki tena nje. Ya ugonjwa tuyaache. Shangazi yangu akaanza kumsukia mkeka wa kulalia. Kila asubuhi alikwenda kwanza shambani kwa mama, akasimama akiangalia matuta, ndipo akarudi kusuka. Akatia mistari myeusi inayofuatana kama matuta yale. Katikati, mstari mmoja ukapinda.

"Shangazi, hapa umekosea," nikamwambia.

"Mpelekee mama yako."

Nikamtandikia. Mama akawa anaifuata mistari kwa kidole, taratibu, kama anayepalilia. Alipofika pale palipopinda, kidole kikasimama.

"Hili ni lile jiwe langu la shambani," akasema. "Kila mwaka nalima nalizunguka."

Akalala akiwa ameweka mkono hapo.

Tulimzika na mkeka ule, kabla ya mavuno.

Mpaka leo, kila mkeka ninaosuka una mahali mstari unapopinda. Wanunuzi wa Iringa huniambia nimekosea. Huwa siwabishii.

Bibi yako akuombeaye