Nusu ya Kidonge

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila cherehani inanisumbua mkanda.

Vile vidonge vya usingizi nilivyoanza baada ya msiba, daktari kasema nivipunguze polepole, nisiache ghafla. Basi navikata nusu kwa wembe wangu wa kufumulia nguo. Mikono inatetemeka, hata uzi hauingii kwenye sindano.

Jana mchana nikipiga pasi, nilimsikia marehemu mume wangu akikohoa chumbani. Kisha akalalamika kama kawaida yake, "Mke wangu, leo chai hakuna?"

Daktari alinionya, "Ukisikia sauti, njoo upesi, tutapandisha dozi." Sijaenda. Akiipandisha, shemeji yako atanyamaza tena.

Chai nimeshamtengea.

Sote wawili tunakusalimu,
Mdogo wako